Mashine ya Kushindilia Risasi

Bellevue, Johannesburg
6 Oktoba 2024

Kwa Mjomba Dismas,

Shikamoo Mjomba. Natumaini hujambo na magoti yamekupa nafuu. Sisi huku wazima. Nomsa, mke wangu, anakuamkia, na binti yetu naye anakuamkia, ila kwa Kizulu, maana Kiswahili anakielewa lakini kukisema hataki. Nimeambiwa masikio yako yamekataa kabisa, kwamba kelele za kiwandani zimemaliza kazi yake na simu hupokei tena. Ndiyo maana nakuandikia.

Najua nimekaa kimya tangu msiba wa mama. Nitakuomba radhi vizuri siku nyingine, nikiwa nimejipanga. Leo nina shida ya mashine, na mtu ninayemwamini kwa mashine ni wewe tu.

Kazi yangu ni kufundisha walinzi wa kampuni moja kutumia silaha. Hiyo ndiyo inayotuweka mjini. Lakini Jumamosi nakwenda klabu, nje ya mji, nalala kifudifudi juu ya mkeka na kupiga karatasi iliyo mita mia nane mbele yangu. Usicheke. Ni mchezo, una vibali na waamuzi na vikombe. Kwa umbali ule risasi za dukani hazifai kwa sababu hazifanani: moja inakimbia, nyingine inajikokota, na karatasini moja inaingia juu, nyingine chini. Wenye nia hutengeneza zao nyumbani, kwa kibali. Unachukua ganda lililokwisha kutumika, unalibana lirudi umbo lake, unalipachika fataki mpya kitakoni, unatia baruti iliyopimwa, halafu unakandamiza kichwa cha risasi mdomoni. Kazi hiyo hufanywa na mashine ya mkono inayofungwa mezani kwa bolti. Wenyewe tunaiita mashine ya kushindilia.

Nimeona tatu. Ya kwanza ni ndogo, ya aluminiamu, fremu yake iko wazi upande mmoja kama herufi C. Bei poa. Ya pili ina kichwa kinachozunguka chenye dai nne, yaani vile vyuma vya kubania. Hufungui wala hufungi, unazungusha tu, kazi inakwenda chapuchapu. Ya tatu ni chuma cha zamani, kizito, fremu imefunga pande zote, inafanya jambo moja kwa wakati mmoja. Anaiuza Mzee Burhani wa Mayfair, mwanachama wa klabu ambaye mabega yamemstaafisha. Nichukue ipi?

Tarehe mosi Machi kuna mchujo wa timu ya mkoa. Wanachukua watu wanane. Mwaka juzi nilikuwa wa kumi na moja, mwaka jana wa kumi. Na daktari amenikuta na presha ya jicho la kulia, ndilo ninalolengea. Dawa natia, lakini ameniambia kinachopotea hakirudi. Kwa hiyo ni msimu huu, Mjomba. Baba yangu Thabo alizaliwa nchi hii, mimi nimeishi humu miaka ishirini na tatu, na bado mtu wa spaza, kile kiduka cha mtaani, akinisikia ninavyosema ananiuliza narudi kwetu lini. Nataka nivae koti la timu ya mkoa, hata mara moja, nikiwa bado naona.

Mpwa wako,
Elisante


Morogoro
9 Oktoba 2024

Elisante,

Marahaba. Mimi mzima, magoti si mazima, masikio ni kweli yamekufa. Nomsa mpe salamu zangu. Huyo mtoto wa Kizulu mwambie babu yake sasa hasikii lugha yoyote, kwa hiyo asijisumbue.

Miaka kumi na moja! Mama yako alipomfuata mumewe huko aliniachia wewe una miaka tisa. Nikakulisha, nikakusomesha, nikakutia karakanani nikakufundisha kazi. Ulipofika kumi na minane ukapanda basi bila kuniaga, nikaambiwa na fundi viatu wa stendi. Dada yangu Melania akafa, nikapata ujumbe wa mistari miwili. Leo naona barua ndefu imeingia kwenye simu, moyo ukaniruka, kumbe ni mashine! Eti utaniomba radhi ukijipanga. Jipange basi. Mimi nina miaka sabini na sita, usichelewe sana.

Haya, mashine.

Mashine ya kubana huiulizi inakwenda haraka kiasi gani. Unaiuliza, ninapobana, nini kinapinda? Fremu ya herufi C ukiibana inafungua mdomo hata kama jicho halioni. Hiyo achana nayo. Kile kichwa kinachozunguka nacho lazima kina uwazi mahali, bila hivyo kisingezunguka. Ukibana kitainuka upande mmoja. Kidogo tu, kama unywele, lakini wewe unaniambia habari za mita mia nane. Chukua chuma cha huyo mzee. Kabla hujalipa shika ule mhimili unaopanda na kushuka, utikise kushoto na kulia. Ukicheza, mwachie mwenyewe.

Sipendi bunduki, na usidhani nimekubariki. Nimekujibu kwa sababu umeuliza swali la kifundi.

Mjomba wako,
Dismas


Bellevue
17 Novemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Hali yako? Huku kwetu tunashukuru, mafua tu kwa Nomsa.

Sijui nianzeje. Nilichukua ile ya kichwa kinachozunguka. Najua, najua. Nafika nyumbani saa moja usiku nimesimama juani kutwa nzima, na yule muuzaji aliniambia kwa saa moja nitatengeneza risasi hamsini. Nikajiona mjanja. Nimeifunga kwenye meza nzito, nimeitengenezea pembe yake chumbani karibu na kasha la chuma la bunduki.

Jumamosi tatu sasa napiga, na karatasi inaniaibisha. Kushoto na kulia niko sawa kabisa, upepo nausoma. Lakini juu na chini ni vurugu. Risasi tatu zinakaa pamoja, ya nne inapanda kiganja kizima, ya tano inashuka viganja viwili. Watu wa klabu wananipa pole kwa sauti ile ya kumhurumia mgeni, eish, hiyo inaniuma kuliko kukosa kwenyewe. Nifanyeje?

Mpwa wako,
Elisante


Morogoro
19 Novemba 2024

Elisante,

Marahaba, na mafua yamwondoke mkeo.

Sasa uliniuliza ili iweje? Nilikaa hapa nikafikiria mashine yako siku mbili nzima, nikaichora hadi nyuma ya kalenda ya parokia, wewe ukaenda kumsikiliza muuza duka! Ndivyo ulivyokuwa tangu mdogo. Unauliza ukiwa umeshaamua, halafu jibu likija tofauti unalipita.

Tafuta saa ya kupimia, ile yenye mshale. Iegemeze juu ya kichwa kinachozunguka, bana ganda moja, tazama mshale. Rudia mara kumi, uandike kila namba. Usiniandikie tena kwamba karatasi inakuaibisha. Hayo ni malalamiko, mimi nataka vipimo.

Mjomba wako,
Dismas


Bellevue
12 Desemba 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo! Natumaini joto la Morogoro halijakushinda.

Nimepima. Kichwa kinainuka, na hakiinuki sawasawa. Mara mbili mshale ulisogea kidogo, mara moja ukaruka kabisa. Ulisema kweli na mimi nilikuwa mjinga, haya, nimeandika, unaweza kuitunza. Ile mashine nimemuuzia mtu wa Pretoria asiye na haraka ya kujua mambo haya, anapiga mita mia tu. Kisha nikaenda Mayfair baada ya sala ya Ijumaa nikamkuta Mzee Burhani anafunga duka lake la vitambaa. Nikaushika mhimili nikautikisa kama ulivyosema. Akanitazama, akaniuliza nani kanifundisha kukagua hivyo. Haukucheza hata chembe. Nimeinunua, nimeibeba mgongoni hadi kwenye gari, sitaki kukwambia uzito wake.

Sasa kwa kuwa nimefurahi, acha niseme lile jingine kabla sijapoa. Niliondoka bila kukuaga kwa sababu ningekuaga ungekaa kimya, na ungekaa kimya ningebaki. Msiba wa mama nilikuandikia mistari miwili kwa sababu wa tatu ulinishinda. Nisamehe Mjomba. Nilipaswa kuyasema haya zamani.

Mpwa wako,
Elisante


Morogoro
15 Desemba 2024

Elisante,

Marahaba, marahaba.

Nimeisoma. Kuhusu lile jingine, basi, yamekwisha. Sina la kuongeza, na miwani inanisumbua leo.

Funga bolti nne, usifunge tatu. Weka ubao mgumu chini ya meza bolti zisizame.

Mjomba wako,
Dismas


Bellevue
11 Januari 2025

Mjomba,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Habari za Krismasi? Sisi tulikula vizuri, tukashiba.

Mimi nimechoka. Nimechoka kabisa. Mashine ni chuma kitupu, bolti nne, ubao mgumu, kila kitu kama ulivyoagiza, na bado juu na chini! Nimeazima kipima mwendo cha klabu, kinasoma kila risasi imekwenda kasi gani. Hazifanani. Baruti napima ile ile kwenye mizani, narudia mara mbili, lakini moja inatoka kwa nguvu na nyingine kama imelazimishwa. Halafu kuna siku zinakwenda vizuri hadi naanza kuimba, wiki inayofuata zinanitukana. Kama zingekuwa mbaya siku zote ningejua nashika wapi.

Nimeanza kufikiria ile mashine ya Kijerumani ambayo mshindi wa mwaka jana anaitumia. Nomsa amesema nikileta chuma cha tatu humu ndani nitalala nacho.

Mchujo ni wiki saba.

Mpwa wako,
Elisante


Morogoro
14 Januari 2025

Elisante,

Marahaba, na nyinyi heri ya mwaka.

Ole wako ununue. Mashine imeshakaguliwa, iache. Tatizo liko mahali pengine. Umesema mizani. Mizani ya vitu vidogo ni kitu chenye deko, upepo ukipita inadanganya. Meza yako inagusa ukuta? Na upande wa pili wa ukuta kuna nini? Niliwahi kuhangaika mwezi mzima na mashine ya kukereza inayotoa vyuma vya ovyo, kumbe wenzetu wa nyuma wamefunga kinu cha kusaga. Chunguza.

Mjomba wako,
Dismas


Bellevue
26 Januari 2025

Mjomba,

Shikamoo. Wewe hujambo? Mimi nimegombana na jirani.

Nyumba hii ilikuwa ya familia moja zamani, sasa imekatwa vyumba tisa kwa mbao. Nyuma ya ukuta wangu yuko Placide, fundi cherehani, Mkongomani wa Lubumbashi. Cherehani zake mbili zina mota. Niliposoma barua yako nikaruka, nikajua tumempata mchawi wetu. Nikaenda kumwomba azime Jumapili nzima nipime baruti yangu. Naye ana nguo za harusi, wasimamizi kumi na wawili, kitenge kimoja wote. Akanitazama hivi, akasema, "Weye unasimamisha mashini yangu juu ya masasi yako? Miye njo kazi yangu hii, ndugu. Ile yako njo mchezo." Nikamjibu maneno ambayo sikupaswa kumjibu. Mwishowe alizima kuanzia saa nane hadi saa kumi na mbili, kwa hasira, na mimi nikapima kimya kimya kama mwizi, na meza nimeisogeza mbali na ukuta.

Jana nimezipiga. Ovyo kama kawaida! Moja haikulia kabisa. Nimevuta, tik, basi. Nimerudi nyumbani, Placide hanisalimii, na ana haki.

Niambie ukweli Mjomba. Inawezekana ni mimi tu? Jicho langu, mikono yangu?

Mpwa wako,
Elisante


Morogoro
28 Januari 2025

Elisante,

Marahaba.

Jicho halifanyi risasi ikatae kulia. Acha kujionea huruma, nenda kamwombe radhi fundi cherehani.

Mara hii usinipe unachodhani. Niandikie unachofanya, kuanzia unapoingia chumbani hadi unapozima taa, hata vitu visivyo na maana. Ukikuna kichwa, andika umekuna kichwa.

Mjomba wako,
Dismas


Bellevue
2 Februari 2025

Mjomba,

Shikamoo. Wote hatujambo. Placide nimemwomba radhi, nimempelekea soda na mikate, ameguna.

Haya, kila kitu. Naingia saa moja na nusu, nanawa mikono, nafuta meza kwa kitambaa kikavu. Siku ya kwanza nabana maganda tu, yote. Yanaingia magumu, namalizia nikiwa na jasho. Nayapima urefu moja moja kwa kalipa, yaliyozidi nayakata. Halafu napanga fataki za kesho kwenye kisahani kilicho chini ya mashine, kuna mkono mdogo unaoziinua na kuzipachika, nazipanga kabisa ili kesho nisipoteze muda. Baada ya hapo naifanyia mashine usafi wa jioni, ule wako wa karakanani. Hiyo sijaruka hata siku moja, hata nikiwa na homa. Napuliza mafuta juu hadi chini, mhimili, ule mkono mdogo, hadi kidole kikigusa kitoke kimelowa, kisha nafunika yote kwa kitambaa cha mafuta, mashine na kisahani chake, vumbi lisiingie. Kesho yake nafunua, napachika fataki, napima baruti, nakandamiza vichwa. Kila kimoja napima. Nafunga kwenye kasha, nazima taa.

Kichwa sijakuna.

Kama una wakati ifanyie kazi haraka. Zimebaki wiki nne, na nikishajua nitahitaji kutengeneza mpya zote.

Mpwa wako,
Elisante


Bellevue
13 Februari 2025

Mjomba,

Shikamoo. Unaumwa? Naona barua yangu imesomwa, alama zimegeuka bluu. Hata kama hujapata jibu niambie tu hujapata, nitakwenda na nilizo nazo. Nakusubiri.

Mpwa wako,
Elisante


Bellevue
23 Februari 2025

Shikamoo Mjomba. Jumamosi ijayo ndiyo mchujo. Nimebadilisha baruti, nimebadilisha vichwa vya risasi, sijui tena nibadilishe nini. Kama nimekuudhi kwa jambo nisamehe, lakini nijibu.

Elisante


Morogoro
4 Machi 2025

Elisante,

Sikuulizi hali. Najua Jumamosi imepita.

Barua yako ya tarehe mbili Februari niliisoma siku ile ile. Nilipofika kwenye usafi wa jioni nikarudia mara tatu. Tarehe tano nikaenda kwa Vuai, jirani yangu hapa, alistaafu ufundi wa silaha jeshini. Nikamwandikia swali kwenye karatasi. Alicheka hadi akakohoa, akachukua kalamu akaandika, "Nani kamfundisha huyu kupuliza mafuta kwenye fataki? Fataki inataka ukavu. Ikinyonya mafuta inakuwa mvivu, moja inawaka kwa nguvu, ya pili nusu, ya tatu haiwaki." Niliikunja ile karatasi nikaitia mfukoni. Sikumwambia ni nani.

Siku zako nzuri zilikuwa siku ulizopachika fataki kavu, zilizotoka kwenye boksi muda ule ule za kisahani zilipoisha. Hakuna kingine. Mizani haina kosa, Placide hana kosa, jicho lako halina kosa. Hata ile mashine ya kwanza niliyokusema sana, kuinuka kwake kulikuwa kweli lakini hakukuharibia kiasi kile. Ni mafuta. Mafuta yangu.

Nilijua tarehe tano, mchujo ulikuwa tarehe mosi. Siku ishirini na nne. Kwa kidole changu hiki kimoja ingenichukua dakika kumi kukuandikia toa fataki, futa mashine kwa spiriti. Sikuandika.

Sababu ninayo, si nzuri. Ulipoondoka, pale karakanani walisema Dismas kamfukuza mtoto kwa ukali. Na nilikuwa mkali. Nilikuchapa kwa ajili ya mafuta, unakumbuka, ile siku uliacha mashine kavu ukaenda mpirani. Nikajiambia, haya, ameondoka na hasira, lakini kazi yangu kaibeba mikononi. Miaka ishirini na tatu nimejiambia hivyo. Ukaniandikia hujaruka hata siku moja, hata ukiwa na homa, na mimi nilifurahi, Elisante. Nilifurahi hadi nikasahau ulikuwa unalalamika nini. Halafu Vuai akaandika vile alivyoandika. Kila asubuhi nilishika simu nikasema kesho. Nikatumaini utagundua mwenyewe nisihitaji kusema. Ulipouliza kama umeniudhi, ndiyo nikashindwa kabisa.

Mwanaume mzima wa umri wangu nimeutoa kafara mchujo wako kwa sababu ya aibu. Nitukane. Sitajibu.

Mjomba wako,
Dismas


Morogoro
30 Machi 2025

Elisante,

Naona umeisoma. Andika hata neno moja, hata kama ni baya.

Dismas


Bellevue
27 Aprili 2025

Mjomba,

Shikamoo. Hiyo shikamoo imenichukua karibu wiki nane kuiandika. Nomsa na mtoto wazima. Najua na wewe mzima, namuuliza Vuai. Namba yake nimeipata kwa mtu wa Morogoro anayesali Mayfair. Usimkasirikie, nilimwomba asikwambie.

Nilikuwa wa tisa.

Wa tisa, Mjomba. Afadhali ningekuwa wa thelathini. Hadi raundi ya mwisho nilikuwa wa saba, nimelala pale nahesabu pumzi, nimebakiza risasi tatu. Ya kwanza ilishuka. Ya pili nikavuta, tik. Haikulia. Kwa kanuni zao hiyo ni sifuri, mwamuzi akaandika sifuri mbele ya macho yangu. Ya tatu niliipiga katikati kabisa, haikusaidia kitu. Wakasoma majina manane. Mimi nilikuwa nimeshasimama, kwa mazoea tu, nikabaki nimesimama hadi walipomaliza.

Nilikuwa na hasira na wewe ambazo sijawahi kuwa nazo na mtu. Mafuta nilikusamehe siku ile ile, usidhani ni mafuta. Ni zile siku ishirini na nne. Nilikuwa nafungua simu kabla sijafungua macho vizuri, nakutafuta. Nilidhani umekufa, unaelewa? Nilimwambia Nomsa mzee amekufa na hakuna wa kunijulisha. Kumbe umekaa na jibu mfukoni. Nimekuandikia barua tano nikazifuta. Moja ilikuwa na matusi ya Kizulu, ambayo usingeyaelewa, ndiyo maana niliyachagua.

Nimefuta mashine kwa spiriti, kila kona. Fataki zote za kisahani nimeziondoa, nimepeleka klabu nikawaeleza kisa, ziharibiwe wanavyojua wao. Wiki mbili zilizopita nimepiga risasi ishirini mpya, mita mia nane. Zote ishirini zingefunikwa na kisosi cha kikombe. Nililala pale kwenye mkeka nikitazama kupitia darubini, nikajaribu kufurahi, haikuja. Kwa daktari wa macho nimerudi Jumanne. Upande mmoja wa jicho umeanza kuwa na ukungu, dawa ameongeza. Nilipomuuliza kuhusu mwakani, akaniambia tuonane mwezi wa saba.

Mzee Burhani huwa anakuja klabu siku hizi kutazama tu. Alikuja akakaa karibu yangu, akachukua risasi moja moja kwenye boksi langu, akaipima kwa kalipa yake mwenyewe, akapima kumi. Zote sawa. Akauliza tena nani kanifundisha kazi. Nikamwambia mjomba wangu, fundi mitambo, Morogoro. Akauliza, na yule mpumbavu aliyekufundisha kupuliza mafuta kwenye fataki? Nikamwambia ni huyo huyo. Akawa ananitazama, anasubiri niendelee kukusema. Nilijaribu, Mjomba. Nilifungua mdomo kabisa, na baya la kukusema halikutoka.

Mwanao,
Elisante